Mume Wangu Alikuwa Ndani ya Behewa la Makaa

Mume wangu nimempoteza mara mbili.

Mara ya kwanza alikufa. Hiyo haina maajabu, watu hufa.

Mara ya pili alipotea ndani ya ukumbi wa shule, Jumamosi asubuhi, watu wameshika vikombe vya chai na mikate ya soseji, treni ndogo zimepangwa mezani. Na aliyempoteza hakuwa mwizi wala mchawi. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anarekebisha kosa.

Najua unajiuliza, marehemu anapoteaje? Tulia, nitakueleza yote. Mimi si mtu wa kuongea sana, ila hii kitu imenikaa kifuani tangu Novemba na nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Naitwa Aikande. Kwetu ni Machame, lakini nimeishi hapa Skelby, Yorkshire, muda mrefu kiasi kwamba nikipiga simu nyumbani wananicheka ninavyoongea. Napika chakula shule ya msingi. Mume wangu aliitwa Clive Ollerton, fundi wa boila za kupasha nyumba joto. Mpole, mikono mikubwa, na mapenzi yake yote yalikuwa kwa vitu vidogo.

Vitu vidogo vyenyewe ni treni.

Usije ukasema treni za kuchezea. Ukimwambia Clive hivyo alikuwa ananuna mpaka chakula cha jioni. Ni treni za mfano, vichwa na mabehewa, zimepimwa na kutengenezwa zifanane na zile zilizokuwa zinapita hapa Uingereza enzi za makaa ya mawe. Kichwa kizima kinaenea kwenye kiganja. Kina mabomba yake, ngazi zake, namba ubavuni, na ribiti, zile pini za kuungia mabati, ndogo kama punje za ulezi.

Dari letu lilijaa maboksi. Chini ya kitanda, maboksi. Kabati la mashuka ukilifungua unakuta shuka chache juu, halafu mabehewa ya samaki, ya maziwa, ya ng'ombe, ya saruji.

"Clive, haya ya samaki si unayo tayari?"

"Yale ni ya Hull, mke wangu. Haya ya Grimsby."

"Samaki ni samaki."

"Usije ukawaambia hivyo watu wa Grimsby, watakufukuza."

Ila alikuwa na sheria yake moja. Hakununua kitu ambacho hakikuwahi kupita Skelby. Anaweza kukuta kwenye meza ya vitu vya mitumba kichwa cha kijani kinang'aa, mimi mwenyewe kinanivutia, anakigeuza, anasoma namba, anakirudisha. "Hiki hakikuwahi kufika kwetu." Basi, tunaondoka.

Sababu yake ilikuwa baba yake. Zamani Skelby ilikuwa na karakana ya vichwa vya treni. Siku hizi pale ni maegesho ya duka la mazulia. Baba yake Clive alifanya kazi pale, kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kichwa kikirudi safari kinasimama juu ya shimo, yeye anakokoa majivu ya moto kutoka tumboni mwa treni, halafu anayapakia kwa beleshi. Maisha yake yote. Clive alikuwa anasema baba yake akirudi nyumbani nyusi zimekuwa nyeupe, mama yake anamfuta kwa kitambaa kabla hajamruhusu kukaa.

Kwa hiyo Clive na wenzake wa klabu waliijenga Skelby yote ya zamani juu ya meza ndefu. Stesheni, karakana, daraja, baa, mpaka nguo zilizoanikwa. Kila Jumanne walikutana, wakaendesha treni kwa ratiba ya enzi zile, kimya, wamekunja sura utadhani ni madaktari wako chumba cha upasuaji.

Kitu kimoja tu kilimshinda Clive. Majivu.

Pale kwenye shimo alimsimamisha baba yake. Kisanamu kidogo kama ukucha, ovaroli ya bluu, mgongo umeinama, beleshi mkononi. Alikipaka rangi mwenyewe, anashusha pumzi taratibu ili mkono usitikisike. Lakini chini ya lile beleshi palikuwa patupu. Alijaribu saruji ya vigae, ikawa kama uji. Alijaribu unga na masizi, ukaota ukungu. Alijaribu majivu ya sigara za jirani, yakawa mepesi, mtu akipiga chafya yamekwenda.

Na kila akijaribu, anakuja Ribiti.

Ribiti ni jina tulilompa sisi wake za wanachama. Jina lake ni Leonard Sugden, mwalimu wa jiografia mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye tai yenye picha ya treni. Wewe unaleta kichwa kipya umekinunua kwa jasho lako, unategemea upongezwe. Yeye anainama, anahesabu ribiti. Akimaliza anakwambia ziko pungufu.

Clive akiweka majivu yake, Ribiti anavua miwani, anaikaribia meza mpaka pua inataka kugusa, halafu anasema, "Hapana, Clive. Siyo sahihi."

Basi. Hilo tu. Clive anakwangua, anaanza upya.

Nilikuwa nachukia. "Huyo mzee wako ana roho mbaya."

"Hana roho mbaya. Anasema kweli." Halafu siku moja akaongeza, mgongo kanigeuzia, "Ila ningependa siku moja aniambie ni sahihi. Mara moja tu."

Nikamtania nimpoze, "Na baba yako je? Analipwa kwa kusimama tu pale."

"Atapata kazi," akasema Clive. "Mpe muda."

Aliwahi kuniambia pia anavyotaka tumfanyie akifa. Tulikuwa tunakula, wala hatukuwa na huzuni. Akasema nikifa mnichome, halafu unipakie kwenye behewa langu la kwanza. Lilikuwa behewa la makaa, jekundu lililochujuka, jina la mgodi limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, mkono wa breki umepinda. Baba yake ndiye aliyemnunulia akiwa mtoto.

"Kijiko kimoja tu," akasema. "Nizunguke Skelby."

"Na kinachobaki?"

"Mpeni dada Beryl. Anapenda kupanga mambo."

Nilicheka. Ungecheka na wewe.

Alikufa Aprili, kwenye jiko la watu, amelala chini ya boila, spana mkononi. Nilipigiwa simu nakoroga mchuzi wa watoto. Nikazima jiko. Nikavua aproni, nikaikunja, nikaiweka mahali pake. Nikamwambia mwenzangu kwamba viazi bado kidogo.

Sikulia.

Nilingoja kilio kama unavyongoja basi. Mazishi yakapita, hakikuja. Watu wakawa wananishika mkono, "Uko imara sana, Aika." Sikuwa imara. Unajua mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno? Unagusa shavu, unajua ni lako, lakini halisemi kitu. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilikuwa nakula na sijui nimekula nini.

Nyumbani ndiyo walilia. Mama mdogo alipiga simu. "Mmemchoma? Aikande, mmemchoma mtu?"

"Ndiyo, mama mdogo. Alitaka mwenyewe."

"Yesu wangu. Na wewe ukakaa unaangalia?"

"Huoni kitu. Kuna pazia."

Akakata simu. Nikaosha vyombo.

Wifi yangu Beryl, dada yake Clive, akapanga kila kitu kweli. Tukaenda Filey, ufukweni walikokuwa wanapelekwa wakiwa wadogo. Alipoyamwaga majivu, upepo ukageuka, ukamrudisha Clive kwenye koti la Beryl na kwenye nywele zake.

"Clive Ollerton, hata leo!" akapiga kelele, anajipangusa, anacheka, analia, vyote kwa pamoja. Watu wote wakawa hivyo. Mimi nikawashikia mikoba.

Nilikuwa nimebakiza kijiko kimoja, kwenye chupa ya jamu. Nilirudi nayo nyumbani, nikatandaza gazeti mezani, nikaleta lile behewa. Nikapakia taratibu, nikasawazisha kwa kidole, nikadondoshea gundi nyeupe niliyoichanganya na maji na tone la sabuni ya vyombo, kama nilivyomwona yeye akifanya mara nyingi. Nilifanya vizuri. Nilifanya kama napamba keki ya mtu nisiyemjua.

Nikampelekea Des.

Des Pickersgill ndiye mwenyekiti wa klabu na alikuwa rafiki wa Clive kuliko wote. Jitu la miraba minne, ila mwoga wa maneno hujapata kuona.

"Des, humu ndani yumo Clive."

Akaliangalia behewa. "Humu... humu?"

"Kijiko kimoja. Alitaka azunguke Skelby. Liweke kwenye treni yake na uwaambie wenzako."

"Nitawaambia, shemeji."

"Des."

"Haki ya Mungu nitawaambia. Jumanne hii hii."

Halafu akanipa biskuti, maana hakujua afanye nini kingine.

Sasa, klabu yao ina desturi. Mwenzao akifa, kwenye maonyesho ya mwaka, kabla milango haijafunguliwa kwa watu, treni zote zinasimamishwa na wanavua kofia. Inaendeshwa treni ya marehemu peke yake, mzunguko mmoja mzima. Hakuna hotuba, hakuna sala, hata birika la chai linazimwa lisipige kelele. Treni ikirudi stesheni, wanavaa kofia zao, kazi inaendelea. Wanaita tu "mzunguko".

Mimi nilikuwa nangoja huo mzunguko. Miezi yote ile niliuweka mbele kama dawa ambayo hujaijaribu. Nilijiambia, nikimwona anapita, nitajua kwamba amekufa, na nikijua nitalia, na nikilia nitarudi kuwa mtu. Kilichobaki cha Clive duniani kilikuwa kwenye lile behewa. Kingine chochote kilikuwa Filey, au kwenye koti la Beryl.

Siku ikafika. Ukumbi wenyewe ni wa shule yetu, ule ule ninamogawia watoto viazi. Wazee wamevaa sweta, Ribiti ana tai yake. Des aliniona nikiingia, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba. Ningepaswa kushtuka pale pale.

Wakaninyooshea mkono nisimame mbele, karibu na daraja. Birika likazimwa. Treni zote zikasimama. Kukawa kimyaa.

Treni ya Clive ikatoka kwenye handaki. Kichwa cheusi alichokipenda, kilichopakwa uchafu kwa makusudi kifanane na cha kweli, nyuma yake mabehewa ya makaa yanafuatana tiki, tiki, tiki kwenye maungio ya reli. Nikalitafuta jekundu. Lile pale, karibu na mwisho.

Likapita mbele ya macho yangu.

Lilikuwa limejaa makaa meusi.

Nikasema macho yangu haya yananidanganya. Treni ikaingia nyuma ya majengo, ikapita karakana, ikatokea tena upande wa pili. Nikainama kama anavyoinama Ribiti. Jina la mgodi, ndilo. Mkono wa breki uliopinda, ndio. Na juu yake makaa meusi, yanang'aa.

"Des," nikasema. "Simamisha treni."

Nikwambie, mzunguko hausimamishwi. Nadhani ningevua nguo pale wasingeshtuka zaidi.

"Shemeji, bado haijafika..."

"Simamisha."

Akasimamisha. Nikanyoosha mkono, nikalinyanyua behewa, nikapitisha kidole. Makaa ya kweli. Kidole kikawa cheusi.

"Clive yuko wapi?"

Des akawa mwekundu, halafu akawa mweupe. "Shemeji, mimi... ilikuwa..."

"Uliwaambia?"

"Nilitaka. Jumanne ile ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwenzetu Trevor, kulikuwa na keki, nikaona siyo mahali pake. Jumanne iliyofuata Trevor naye kafiwa na mbwa..."

"Des, nilikuletea Mei."

Akainamisha kichwa. Wenzake walikuwa wanatuangalia bila kuelewa hata neno. Nikawageukia.

"Nani amegusa behewa hili?"

Mkono mmoja ukapanda juu, bila woga, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Mimi," akasema Ribiti.

Akaja, mikono nyuma. "Afadhali umeuliza, shemeji. Mzigo uliokuwamo haukuwa sahihi. Mgodi huo ulioandikwa hapo ubavuni ulikuwa unaosha makaa yake. Lazima yawe meusi, yang'ae. Sasa humo mtu alikuwa ameweka kitu cha kijivu. Simlaumu. Lakini treni ya Clive, siku ya mzunguko wa Clive, ipite mbele yako na kosa? Nisingekubali. Juzi nikaurekebisha. Hayo makaa nimeyaponda mwenyewe kwa nyundo."

Alikuwa anangoja nimshukuru. Niliona kabisa kwamba alikuwa anangoja nimshukuru.

"Na hicho cha kijivu, ukakifanya nini?"

Hakupata nafasi ya kujibu, maana Des alishaondoka mbio. Alikwenda kwenye pipa la taka, akalipindua. Vikombe vya karatasi, maganda. Akarukia ile mashine ya kufyonza vumbi, akaufungua mfuko wake, akaumwaga sakafuni, akapiga magoti. Jitu zima, mwenyekiti, anachambua vumbi kwa vidole, sweta limekuwa jeupe, na nikamsikia ananong'ona, "Samahani, rafiki yangu. Samahani, rafiki yangu."

Mimi nilisimama tu na behewa langu. Nikawaza: kumbe hivi ndivyo ilivyokwisha. Amefyonzwa. Na hata hilo halikuniuma. Hapo ndipo nilipojiogopa, kwamba hata hilo halikuniuma.

"Anatafuta nini?" akauliza Ribiti.

"Anatafuta ule mzigo wa kijivu."

"Kwenye takataka?" Akakasirika kweli. "Nani anatupa kitu kama kile? Nimekitumia!"

Akanishika kiwiko, kitu ambacho hajawahi kufanya, akanipeleka mpaka mwisho wa meza, kwenye karakana.

"Inama," akasema.

Nikainama.

Baba yake Clive alikuwa pale pale, ovaroli ya bluu, mgongo umepinda, beleshi mkononi. Lakini chini ya beleshi hapakuwa patupu. Palikuwa na kilima kidogo cha majivu. Kijivu, chenye punje nyeupe nyeupe, kimelala vizuri ukingoni mwa shimo. Mengine yalikuwa ndani ya shimo. Mengine kidogo, sijui alitumia mkono gani, yalikuwa juu ya beleshi lenyewe.

"Nililowesha kwa maji ya vuguvugu, gundi ikaachia," akasema Ribiti, sauti imekuwa ya mtu anayesimulia mtoto wake amefaulu. "Nikakausha juu ya gazeti. Hakuna punje iliyopotea, mimi si mtu wa kupoteza vitu. Clive kahangaika na majivu haya miaka nenda miaka rudi, kumbe alishapata na akayaficha kwenye behewa! Sijui aliyatoa wapi. Angalia rangi. Angalia yanavyojilaza. Nimeyalinganisha na picha za zamani kwa kioo cha kukuzia. Shemeji, sina cha kuongeza. Ni sahihi. Ni sahihi kabisa."

Nikasikia Des nyuma yangu ameacha kuchambua vumbi.

"Leonard," nikasema. Sikuwahi kumwita kwa jina lake. "Hayo majivu ni mume wangu. Tulimchoma Aprili. Mimi ndiye niliyempakia kwenye behewa, kwa kijiko, kwa sababu aliniomba."

Ribiti akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Akaivaa. Akaivua tena. Akamwangalia Des, Des akatikisa kichwa kukubali.

"Nilimkausha kwenye hita," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Pamoja na soksi zangu."

Kitu kikapanda kutoka tumboni. Nilidhani ni kikohozi. Kumbe ni kicheko. Nikacheka, jamani, nikacheka mpaka nikashika ukingo wa meza na Skelby nzima ikatikisika, wazee wa watu wakanyoosha mikono kuzuia vichwa visianguke. Soksi zake! Ningempigia Clive simu nimwambie. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa Clive.

Na hapo ndipo nikajua.

Kicheko kikageuka kikiwa bado mdomoni. Nililia kwa sauti, kilio cha kwetu, cha kuita jina, ambacho ukumbi ule haujawahi kukisikia na sidhani kama utakisikia tena. Iliniuma. Iliniuma kila mahali, na nilishukuru kwamba inauma. Hakuna aliyenikataza. Trevor aliniletea kiti. Mwingine akawasha birika.

Nilipotulia nikamwona Ribiti ameshika kibano.

"Nitamtoa," akasema. "Punje moja moja. Nitamrudisha kwenye behewa, shemeji, nipe hata siku nzima. Alitaka kuzunguka, mimi nimemzuia."

"Alizunguka," akasema Des.

Tukamgeukia. Vumbi mpaka kwenye kope.

"Kabla Leonard hajalibadilisha. Kila Jumanne nilikuwa naendesha treni yake. Sikuweza kuwaambia, shemeji. Lakini nilimzungusha. Nilikuwa nampitisha stesheni polepole."

Nikaangalia shimoni. Yule baba mwenye ovaroli ya bluu, aliyesimama miaka yote bila kazi, sasa alikuwa ameinamia mzigo wake. Clive alisema mpe muda. Na sasa alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa mwanawe.

"Weka kibano chini," nikamwambia Ribiti. "Mwache hapo."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ila rudia ulichosema."

"Nilichosema lini?"

"Kuhusu majivu. Mwambie yeye."

Akaelewa. Akarekebisha tai. Akainama polepole, magoti yanalia, mpaka pua ikakaribia ukingo wa shimo, pale pale alipokuwa anainama miaka yote kusema hapana.

"Ni sahihi kabisa, Clive," akasema.

Nikalirudisha behewa kwenye reli, Des akarudi kwenye mitambo, treni ikamaliza mzunguko wake hadi stesheni. Wakavaa kofia. Milango ikafunguliwa, watu wakaingia na mikate yao ya soseji.

Siku nzima Ribiti hakuondoka kwenye ile kona. Hakwenda kula, hakwenda kuhesabu ribiti za klabu nyingine. Kila mgeni alipoinama na kusema, "Aisee, haya majivu mmetengenezaje? Kama ya kweli!" yeye alijibu neno moja tu.

"Usiguse."

Ndiyo hivyo. Ganzi haijaisha yote, nisikudanganye. Kuna siku inarudi, nakaa nayo, inaondoka. Jumanne naenda klabu, wananipa chai, naendesha treni ya samaki wa Grimsby na sasa naona tofauti yake na ile ya Hull. Mama mdogo hajanisamehe.

Ukitaka funzo, mimi ninalo dogo tu. Ukipewa habari ya mtu uwaambie wenzako, waambie, hata kama kuna keki mezani. Na kama kuna neno zuri unamwekea mtu mpaka atakapolistahili, usingoje mpaka uwe unamwambia ukiwa umeinama mbele ya majivu yake.